Siri Isiyopata Msikilizaji: Albamu ya Human League Iliyozama 2001

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii naiheshimu, ila kwenye muziki wa kuuzwa madukani haikai sawa. Ushahidi wangu ni albamu iitwayo Secrets, ya bendi ya The Human League kutoka Sheffield, Uingereza, iliyotoka Agosti 2001. Ilikuwa njema. Haikujiuza. Ilipokosa wa kuitembeza ikazama, na bendi yenyewe ikakaa miaka kumi bila kutoa albamu nyingine.

Ukiwatajia watu jina la Human League, wengi wanakutazama tu. Wapigie mluzi kiitikio cha "Don't You Want Me" uone nyuso zinavyobadilika: aah, kumbe hao! Ndiyo, hao hao. Shida ni kwamba kwa watu wengi hadithi ya bendi hii inaanza na kuishia kwenye wimbo huo mmoja, kana kwamba walioimba waligeuka mawe siku ulipotoka kwenye chati. Mimi nataka kuzungumzia kilichotokea baadaye sana, wakati kamera zilikuwa zimeshaondoka. Lakini hatutaelewa uzito wa 2001 bila kurudi nyuma kidogo.

Sheffield ni mji wa chuma. Kwa vizazi vingi watu wake waliishi kwa viwanda vya kuyeyusha na kufua chuma, na kelele za mitambo zilikuwa sehemu ya maisha yao. Mwaka 1977 vijana wawili wa mji huo, Martyn Ware na Ian Craig Marsh, waliokuwa wakiajiriwa kuendesha kompyuta, waliingia kwenye muziki kwa kutumia sinthesaiza. Hawakutaka magitaa. Walitaka mlio ambao hakuna baba yao aliyewahi kuusikia. Jina la bendi walilichota kwenye mchezo wa mezani wa kubuni vita vya angani. Mwimbaji walimpata kwa Philip Oakey, rafiki wa Ware tangu shuleni, ambaye kazi yake wakati huo ilikuwa kusukuma vitanda vya wagonjwa hospitalini. Hakuwahi kuimba kwenye bendi yoyote. Alichokuwa nacho ni mwonekano, na sauti nzito iliyonyooka kama ya msoma taarifa ya habari.

Mwaka 1978 wakatoa "Being Boiled", wimbo wa ajabu kabisa. Mwaka uliofuata wakatoa The Dignity of Labour, santuri ndogo ya vipande vinne visivyo na uimbaji, iliyomzunguka Yuri Gagarin, binadamu wa kwanza kwenda anga za juu. Naomba uikumbuke santuri hiyo, tutairudia. Zikafuata albamu mbili, Reproduction (1979) na Travelogue (1980). Zilisifiwa na wachache, zikanunuliwa na wachache zaidi.

Mwishoni mwa 1980 bendi ikapasuka. Ware na Marsh wakaondoka kwenda kuunda Heaven 17. Oakey akabaki na jina la bendi, madeni yake, na ziara ya Ulaya iliyokuwa mlangoni. Hakuwa mpiga ala wa kutegemewa, na waliokuwa wakitunga muziki ndio hao walioondoka. Sasa mtu wa namna hiyo anafanya nini? Oakey alikwenda kwenye disko la mjini, Crazy Daisy, akawaona wasichana wawili wakicheza, Susan Ann Sulley na Joanne Catherall, mmoja wa miaka 17 na mwingine 18. Walikuwa bado wanafunzi. Akawaomba wajiunge na ziara. Magazeti ya muziki yalicheka sana. Mwaka haukuisha kabla kicheko hakijageuka.

Oktoba 1981 ilitoka Dare, iliyotayarishwa na Martin Rushent. Ngoma zake zilitoka kwenye mashine ya Linn LM-1, mistari ya sinthesaiza ilipangwa kwa kompyuta ya Roland, na gitaa halikuwapo kabisa. Wimbo wa mwisho wa albamu, "Don't You Want Me", Oakey mwenyewe hakuupenda, na hakutaka utolewe kama singo. Kampuni yao, Virgin, ikasisitiza. Ukakaa namba 1 Uingereza wiki 5, ukiwamo msimu wa Krismasi, na Julai 1982 ukafika namba 1 Marekani. Mji wa chuma ukawa umewapa dunia muziki wa umeme, kutoka kwa vijana ambao wawili wao walikuwa wametolewa disko.

Baada ya hapo ni mlima na bonde. Hysteria ya 1984 ilichukua muda mrefu na gharama kubwa. Mwaka 1986 Virgin iliwapeleka Minneapolis kwa watayarishaji Jimmy Jam na Terry Lewis. Wakarudi na "Human", iliyofika namba 1 Marekani, lakini wakarudi pia na uchungu wa watu waliopewa nafasi ndogo kwenye albamu yenye jina lao. Romantic? ya 1990 haikufua dafu, na 1992 Virgin ikawaacha. Wengi wangeishia hapo. Wao wakaibuka tena mwishoni mwa 1994 na "Tell Me When", wakiwa kampuni ya East West, na albamu yao Octopus ikaingia kumi bora za Uingereza. Kisha mambo yakabadilika kwenye kampuni hiyo pia, wakajikuta nje kwa mara ya pili ndani ya miaka kumi.

Hapo ndipo Secrets inapoanzia. Wamebaki watatu: Oakey, ambaye sasa ana miaka 45, na wale wasichana wa Crazy Daisy, ambao sasa ni wanawake wa miaka 38. Wana studio yao Sheffield. Wana mtunzi mwenzao, Neil Sutton, ambaye aliandika nyimbo pamoja na Oakey. Kampuni mpya iliyowachukua inaitwa Papillon, tawi la Chrysalis lililojikita kwa wasanii wakongwe. Jethro Tull walikuwa huko pia. Kwa bendi ambayo imeshafukuzwa mara mbili, nyumba iliyojengwa kwa ajili ya wakongwe ilionekana kama mahali pa kutua mzigo.

Nije sasa kwenye muziki wenyewe, maana ndio ulionifanya niandike.

Secrets ina vipande 16. Tisa ni nyimbo za kuimbwa, saba ni vipande vya sinthesaiza tupu, vingi vikiwa vifupi, vilivyopenyezwa katikati ya nyimbo kama korido kati ya vyumba. Mpangilio huu unashangaza kwa bendi ya pop iliyokuwa ikihitaji kuuza. Mtu anayetafuta redio hajazi karibu nusu ya orodha yake na vipande ambavyo redio haitavipiga. Kimoja kinaitwa "122.3 BPM", yaani jina lake ni kasi ya mapigo yake tu, kama kibandiko cha fundi kwenye boksi. Kingine ni "Ringinglow", jina la kijiji kilichopo magharibi mwa Sheffield, pale mji unapoishia na nyika zenye upepo za Peak District zinapoanza. Niliposikia jina hilo niliona bendi imefika mahali pazuri: baada ya Minneapolis na ofisi za London, wanakipa kipande chao jina la mahali ambapo mtu wa Sheffield huenda kupunga hewa.

Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Vile vipande saba ni kurudi ngamani, kwenye ile santuri ya Gagarin ya 1979. Tofauti ni kwamba walioifanya kazi ile wakati ule, Ware na Marsh, hawapo. Oakey, ambaye mwanzoni alichukuliwa kwa sababu ya mwonekano, ndiye aliyebaki kuutunza moto ambao hakuuwasha yeye. Kwangu mimi hiki ndicho kiini cha albamu. Watu walizoea kusema Human League halisi iliondoka na Ware na Marsh, na kilichobaki ni sura na wacheza disko. Miaka 20 baadaye, sura na wacheza disko hao ndio walioendelea kuushikilia mlio wa Sheffield.

Nyimbo tisa zenyewe nazo zina jambo. Soma tu majina yake kwa Kiswahili: asiye na haya, usiutoe moyo wako kamwe, nyoka, mwongo, jiji la dhambi, utajuta. Huu si ulimwengu wa vijana wanaokutana mara ya kwanza kwenye taa za disko. Ni watu wazima ambao wameshadanganywa na wameshadanganya. Wanaendelea kupenda, ila mlango wa nyuma wameuacha wazi. "Love Me Madly?" inaandikwa na alama ya kuuliza mwishoni, kama ile albamu ya 1990, Romantic?. Bendi hii ina tabia ya kutaja neno tamu halafu kulitilia shaka hapo hapo. Mwandishi yeyote anajua alama moja inavyoweza kugeuza sentensi nzima. Bila ile alama ungekuwa wimbo wa kubembeleza. Ikiwapo, ni mtu anayesailiwa.

"All I Ever Wanted", unaofungua albamu na uliotolewa kwanza kama singo, ni pop ya sinthesaiza iliyokaza: besi inasukuma, mapigo hayana huruma, na juu yake ile sauti nzito ya Oakey isiyojaribu kuwa changa. Sulley na Catherall wanaingia kwenye kiitikio kama walivyoingia siku zote, bila madoido ya kanisani wala kupandisha sauti hadi darini. Hawa si waimbaji wa mashindano. Wanaimba kama watu wa kawaida mnaowajua mtaani, na ndiyo maana nawaamini. Miaka 20 ya kudharauliwa kwamba hawajui kuimba haikuwafanya wabadilike.

Nisiifiche kasoro. Albamu ni ndefu kuliko inavyohitaji, na katikati kuna mahali nyimbo mbili tatu zinafanana kiasi cha kumpoteza msikilizaji asiye makini. Watayarishaji, timu iliyojiita Toy, waliipa mlio msafi mno. Kuna nyakati natamani vumbi kidogo, mkwaruzo wa mashine mbovu kama ule wa 1978. Anayetafuta wimbo mmoja wa kumkaba koo kama ule wa 1981 hataupata. Lakini ukiisikiliza mwanzo hadi mwisho, bila kuruka zile korido, utakuta ni kitu kimoja kilichofikiriwa, na hilo huwezi kulisema kwa urahisi kuhusu Crash wala Romantic?. Wakosoaji wengi wa wakati ule waliipokea vizuri.

Basi kwa nini ilizama? Singo ya kwanza ilifika namba 47 kwenye chati ya Uingereza. Albamu ikaishia namba 44. Hizo si namba za kujivunia, ila si msiba pia. Bendi ya wakongwe inaweza kujenga juu ya hapo kwa singo ya pili na ziara. "Love Me Madly?" ndiyo iliyokuwa ifuate. Muda mfupi baada ya albamu kutoka, Chrysalis ikaifunga Papillon. Kampuni yenyewe ilikufa mikononi mwao. Fedha za kuitangaza singo ya pili zikakatwa, na wimbo haukutoka kama ulivyopangwa. Lebo ndogo ndiyo iliyokuja kuutoa 2003, kwa wapenzi wachache wa kweli. Albamu ikawa yatima ikiwa bado changa.

Naona hapa watu wanachanganya mambo mawili. Wakiona kazi haikuuza, wanasema wasikilizaji waliikataa. Wasikilizaji hawakuikataa Secrets. Wengi hawakujua kama ipo. Kukataliwa na kutojulikana vinatoa namba ile ile kwenye chati, na historia ya muziki inayoandikwa kwa kunakili chati haiwezi kuvitofautisha.

Kinachouma zaidi ni majira. Mwaka ule ule wa 2001 sinthesaiza za zamani zilikuwa zinarudi kwa kishindo. Ladytron wa Liverpool walitoa albamu yao ya kwanza, Miss Kittin na The Hacker walitoa yao, na kwenye vilabu vya mijini vijana waliozaliwa karibu na mwaka wa Dare walikuwa wanaiga mlio wa Dare, nywele zikiwemo. Mwaka 2002 George Michael alitumia muziki wa "Love Action" ya Human League kwenye singo yake "Shoot the Dog". Mwaka 2003 prodyuza Richard X aliuchukua muziki wa "Being Boiled", akauchanganya na wimbo wa Chaka Khan na Rufus, akawapa kundi la Liberty X, na "Being Nobody" ikafika namba 3. Yaani mlio wa Human League ulikuwa unauza kuliko wakati wowote tangu miaka ya themanini, ilimradi usiimbwe na Human League wenyewe.

Kipya kinyemi ingawa kidonda, ndivyo walivyosema. Lakini hapa hata hicho kipya kilikuwa cha zamani kilichopakwa rangi. Soko lilikuwa tayari kununua ujana wa bendi hii, sauti za miaka yao ya 22 na 25, na halikuwa na rafu ya kuweka sauti zao za miaka 45 na 38.

Sisi wasomaji wa fasihi ya Kiswahili ugonjwa huu tunaujua nyumbani. Mtaje Kezilahabi popote, jibu litakuja haraka: Rosa Mistika, ya 1971. Taja Nagona (1990) na Mzingile (1991) uone watu wanavyopungua mezani. Mwandishi alikwenda mbele miaka 20 na wasomaji wengi wakabaki wakimsubiri kituo cha kwanza. Sisemi Secrets ni Nagona ya pop. Mizani hailingani, na Kezilahabi alivunja riwaya nzima ilhali Oakey alirekebisha nyumba aliyokuwa akiishi. Nasema tu kwamba tabia yetu ni ile ile. Tunampenda msanii kwa kazi iliyotukuta sisi vijana, kisha tunamdai aendelee kuwa kijana kwa niaba yetu. Akizeeka kazini, tunaona kama ametusaliti.

Gharama ya tabia hii si ya kihisia tu. Bendi inayosikilizwa nyimbo za 1981 peke yake inalipwa kupiga nyimbo za 1981 peke yake. Baada ya Secrets, Human League waliishi kwa majukwaa, wakizunguka mwaka baada ya mwaka na nyimbo ambazo ukumbi mzima unazijua. Ni kazi ya heshima, na wanaifanya vizuri. Ila studio ya Sheffield ilikaa muda mrefu bila albamu mpya. Credo ilitoka 2011 tu, ikitayarishwa na I Monster, watu wa mji ule ule. Miaka kumi kwa mtunzi aliye kati ya 45 na 55 si kitu kidogo. Nyimbo ambazo hazikuandikwa hapo katikati hatutazisikia kamwe, na hakuna chati inayozihesabu.

Mwaka 2014 "Don't You Want Me" ilirudi tena kwenye ishirini bora za Uingereza, safari hii kwa sababu mashabiki wa timu ya mpira ya Aberdeen waliugeuza kuwa wimbo wa mchezaji wao baada ya kutwaa kombe la ligi la Scotland. Wimbo ambao mwimbaji wake hakuutaka unakataa kufa. Acha uendelee, hauna kosa. Mimi naomba tu nafasi kidogo pembeni yake.

Kama unataka kuijaribu Secrets, ushauri wangu ni huu. Usianze kwa kuilinganisha na Dare. Weka "All I Ever Wanted", kisha usiguse kitu. Acha zile korido zipite zenyewe. Ukifika "Ringinglow" fungua dirisha. Na ukifika wimbo wa mwisho, ule wa utajuta, sikiliza jinsi watu watatu waliokutana disko wakiwa vijana wanavyoimba pamoja miaka 20 baadaye, ndani ya albamu ambayo kampuni yake iko mbioni kufungwa, bila kuonyesha kwamba wanajua.